Digrii ya Chuoni na Digrii ya Zizini

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba yangu hapa Mabawa, Tanga, huwa haikaliki. Wananijia vijana wawili watatu kwa siku. Wanabisha hodi kwa adabu zote, shikamoo mzee, marahaba, wanakaa kwenye kiti cha plastiki, halafu wanatoa simu kunionyesha kwamba wamechaguliwa kusoma afya ya jamii, au afya ya mazingira, au kitu chenye jina refu kuliko hayo. Wanataka kujua jambo moja tu. Mzee, wewe umeifanya kazi hii maisha yako yote. Nikikopa nikasoma, inalipa?

Mke wangu amelichoka swali hili. Siku moja alimjibu kijana mlangoni kabla sijavaa shati. Alimwambia amsubiri mzee atoke, amwangalie vizuri, kisha aamue mwenyewe. Kijana akanitazama nilipotoka. Nasikia sasa anasoma sheria.

Basi nimeona niandike, ili watakaokuja wapewe karatasi na mimi nipate kulala mchana. Haya ni yaliyonipata mimi na mfanyakazi mwenzangu, Bi Mwanaidi, ambaye ameniruhusu nimtaje kwa sharti kwamba nisimfanye mnene. Si mnene.

Kwanza muijue kazi yenyewe, maana wengi mnaikopea bila kuijua. Mimi naitwa Stefano Singano. Baba yangu aliteremka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge huku chini, na mimi nikaja kuwa bwana afya wa mjini Tanga. Bwana afya ni yule mtu anayeingia jikoni kwako bila kualikwa, akachungulia pipa lako la maji, akauliza choo chako kilitapishwa lini. Ukimwona anakuja kwa baiskeli na daftari kwapani, unakumbuka ghafla kwamba una safari.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Mhina, Mbondei mwembamba aliyevaa shati jeupe kila siku na hakuwahi kulichafua, hata machinjioni. Alinifundisha kuingia mgahawani kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele umefagiliwa kwa ajili yako. Alinifundisha nisitazame sufuria, nitazame kitambaa cha kufutia meza, kwani sufuria husuguliwa bwana afya akionekana njiani lakini kitambaa hakuna anayekikumbuka. Niombe maji ya kunywa, nione yanachotwa na nini. Na la mwisho, nisile mahali kabla sijaandika.

Hilo la mwisho nililivunja mwezi wangu wa kwanza. Palikuwa na mama lishe mmoja kule Ngamiani ambaye mbaazi zake za nazi zilikuwa zinasifiwa mpaka Muheza. Nikala kwanza, sahani mbili na mahamri sita, ndipo nikaenda kukagua choo chake. Choo kilikuwa kibaya. Nikaandika hati ya kukifunga, nikaibandika mlangoni, nikaufunga mlango kwa kamba, nikasaini kwa mbwembwe. Sikufika hatua hamsini, tumbo likaniita. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, choo kingine hakuna. Nikarudi. Yule mama alikuwa bado amesimama anaisoma hati. Aliikata kamba kwa kisu chake cha vitunguu, akanipa kopo la maji, akageuza uso kwa heshima. Nilipotoka nilimkuta Mzee Mhina amefika, ananisubiri. Akaniuliza choo kina hali gani. Nikamwambia kinafaa kwa dharura.

Kwa hiyo kabla hujauliza mshahara, jiulize kama unaweza kuaibika namna hiyo mara moja kwa mwezi na kesho yake ukarudi kazini. Wengine hawawezi, na hakuna digrii inayotibu.

Bi Mwanaidi alikuja ofisini kwetu miaka michache baada yangu. Ni Mdigo wa huko karibu na mpaka, kaolewa Makorora. Tulipewa meza moja yenye droo mbili. Yake ilikuwa na ufunguo, yangu haikuwa nao, na kwa sababu hiyo tukawa watani mpaka leo. Sote tulikuwa na stashahada, na mishahara yetu ililingana mpaka senti. Hilo mlikumbuke, kwa maana tulianza mbio kwenye mstari mmoja.

Nilipofika miaka arobaini na mmoja likaja tangazo kwamba watumishi wenye stashahada tunaweza kuomba ruhusa ya masomo. Miaka mitatu, mshahara unaendelea, lakini ada ujitafutie. Mikopo ya serikali ilikuwa ya vijana wanaotoka shuleni, kwa hiyo mimi mwenye mvi za kwanza niliambiwa nijaribu benki. Tukaomba chuo wote wawili, tukakubaliwa wote wawili. Mimi nikaenda benki. Bi Mwanaidi akaniambia kwamba yeye amekaa chini akapiga hesabu, na hesabu imemwambia anunue ng'ombe.

Nilicheka sana, na yeye akangoja nimalize. Hoja yake ilikuwa kwamba Tanga watu wanakunywa maziwa kama wanavyovuta pumzi, kwamba ng'ombe anakulipa asubuhi na jioni bila kusubiri mwisho wa mwezi, na kwamba hajawahi kuona cheti kikizaa. Akanunua mtamba wa rangi ya kahawia mwenye mimba ya miezi mitano, akamfunga uani kwake, akampa jina Digrii. Tangu hapo mtu akimuuliza mbona mwenzako Singano amekwenda kusoma na wewe umebaki, alijibu kwamba yeye Digrii anayo nyumbani, tena ina mimba.

Mimi huku benki nilikaribishwa na binti mpole wa mikopo. Aliandika andika kwenye kompyuta, akanigeuzia kioo nione nitakatwa kiasi gani na kwa miaka mingapi. Sikutazama. Nilikuwa natazama pale chini palipoandikwa nitapewa ngapi. Nikasaini kila aliponionyesha kidole, na pengine palipokuwa na kidole tu bila mstari.

Fedha ya ada ya miaka mitatu iliingia yote siku moja. Vijana, hapa ndipo msome polepole. Nilikwenda nikanunua suti ya kahawia, kwa sababu msomi hawezi kwenda chuo na shati la kukagulia machinjio. Halafu nikanunua friji, kwa sababu mke wangu aliniuliza kama suti ni ada. Nilijiambia kwamba ada hailipwi yote siku moja. Ni kweli, hailipwi. Mwaka wa tatu ulipofika, ile sehemu yake ilikuwa inagandisha samaki Mabawa. Nikarudi benki kwa yule binti mpole, akaniambia hakuna shida, tunakuongezea juu ya ule wa zamani. Wenyewe wanaita topapu. Ukisikia neno hilo limetamkwa kwa upole, simama uondoke, hata kama umeshakaribishwa soda.

Chuoni ile suti ilifanya kazi siku moja. Niliingia darasani asubuhi ya kwanza, na darasa zima likasimama. Walidhani mimi ndiye mwalimu. Nilipaswa kusema, lakini jamani, vijana sitini wamekusimamia. Nikawaambia wakae. Wakakaa. Nikawauliza habari za safari zao. Tulikuwa tunaendelea vizuri mpaka akaingia kijana wa suruali ya jinzi na begi mgongoni, na dada mmoja wa mbele akamnong'oneza awahi kukaa, mwalimu ameshaingia. Yule kijana ndiye aliyekuwa mwalimu. Alinipa jina la Profesa, na nikalivaa miaka mitatu.

Lakini nisiseme chuo kilikuwa mzaha mtupu. Yule yule wa suruali ya jinzi alitutuma tukaandike orodha ya vyoo vilivyofungwa katika mtaa mmoja, na mbele ya kila choo tuandike nani mwenye nyumba na anaishi wapi. Nikafanya zoezi langu huku nyumbani wakati wa likizo, kwa kuwa vyoo vya Tanga ninavijua kwa majina. Karibu vyote nilivyokuwa nimevifunga vilikuwa vya nyumba za kupanga, na wenye nyumba wanaishi kwingine, wengine hata mji mwingine. Miaka yote ile nilikuwa nawaadhibu wapangaji kwa choo ambacho hawana ruhusa ya kukijenga. Nilikaa juu ya kitanda cha bweni nikajisikia mjinga sana. Niliporudi kazini nikaanza kuwaandikia wenye nyumba, na vyoo vikaanza kujengwa. Hiyo sijui mtaiweka safu gani kwenye daftari la faida na hasara. Mimi naitaja tu ili isisahauliwe.

Basi nikarudi na digrii yangu. Nilidhani mshahara utanipokea stendi. Kumbe kubadilishiwa cheo ni faili, na faili lina miguu yake. Lilitembea miaka miwili na miezi mitatu. Kwa muda wote huo nililipwa mshahara ule ule wa stashahada, ukitolewa makato ya mkopo, ukitolewa makato ya topapu. Yaani nilirudi kutoka chuo kikuu na mshahara mdogo kuliko nilioondoka nao. Bi Mwanaidi alikuwa ananiamkia kila asubuhi, shikamoo msomi, na mimi nikawa naitika, maana hapakuwa na kingine cha kupata.

Na Digrii wake alikuwa ameshazaa mara mbili. Maziwa ya nyumbani kwangu yalitoka kwake, lita moja kila siku, kwa mkopo. Nilikuwa nadaiwa na benki kwa sababu ya digrii yangu na nadaiwa na Bi Mwanaidi kwa sababu ya Digrii wake.

Sasa kazi ya kwanza niliyopewa nikiwa na elimu mpya ilikuwa lalamiko kutoka Makorora. Majirani wameandika kwamba kuna nzi, kuna harufu, kuna ng'ombe amefungwa hatua tatu kutoka dirisha la mtu. Mkuu wetu akanipa barua akasema hili linamtaka mtu mwenye digrii. Nilisoma jina la mwenye ng'ombe na nikaomba nipewe machinjio badala yake. Akakataa.

Nilikwenda na utepe wa kupimia. Bi Mwanaidi alinipokea vizuri, akaushika utepe upande wa pili kunisaidia, tukapima. Digrii alisimama katikati akitafuna. Hatua tatu kweli, na nzi walikuwepo, wengine nadhani nilikuja nao mwenyewe kutoka machinjioni. Nikakaa kwenye kigoda nikaandika notisi ya siku kumi na nne ya kumwondoa mnyama. Jasho lilinitoka, kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma.

"Kifungu hicho ni cha nguruwe," akasema.

Nilikuwa nimekosea kweli. Akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha sheria ndogo, akanionyesha kifungu cha ng'ombe. Nikaichana notisi nikaandika upya, yeye akinisomea taratibu ili nisikosee tena. Akasaini kupokea. Kisha akaniuliza kama nataka kikombe cha maziwa kabla sijaondoka. Nikakumbuka maneno ya Mzee Mhina, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaandika, nikanywa. Wiki ile ile alimhamishia Digrii shambani kwa mjomba wake, Pongwe. Na kuanzia wiki ile maziwa nikauziwa kwa fedha taslimu.

Miaka ikaenda. Cheo changu kikabadilika, mshahara ukapanda, na kila mwisho wa mwezi tulikaa kwenye ile meza moja kila mtu ameificha slipu yake ya mshahara kwa kiganja. Mimi nilimwambia kwamba deni nimelimaliza zamani. Yeye aliniambia kwamba zizi la Pongwe sasa lina ng'ombe watano, wote uzao wa Digrii. Kila mmoja akamsikitikia mwenzake. Ofisi nzima ilijua kuna mashindano, na wengine walikuwa wameshachagua upande.

Nikastaafu. Miezi sita baadaye, kiinua mgongo changu kimeshaingia, Bi Mwanaidi akanijia hapa nyumbani. Alikuwa bado kazini, amebakiza miaka miwili. Alikaa muda mrefu bila utani, ikanitia wasiwasi. Mwisho akasema kwamba Rehema, kitinda mimba wake, amechaguliwa kusoma afya ya mazingira na amepata mkopo wa serikali, na mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa.

Nikadhani anataka nimsaidie kumkataza. Nikajiandaa kabisa. Nilikuwa tayari kumweleza yule mtoto juu ya topapu, juu ya faili lenye miguu, juu ya vijana wenye digrii ile ile ninaowaona wamekaa nyumbani mwaka wa pili wanasubiri tangazo la ajira. Kumbe Bi Mwanaidi alitaka nimshawishi aende. Rehema ndiye aliyekuwa anakataa. Amekua anasikia nyumbani kwao jinsi ng'ombe alivyomshinda msomi, na sasa anataka mama ampe mtaji anunue mtamba.

Tukakutana uani kwao Makorora, alasiri, kwenye mkeka. Mimi mwenye digrii nikamwambia mtoto asiende. Mama yake mwenye ng'ombe akamwambia aende. Rehema alitusikiliza kwa zamu. Alikuwa na miaka ishirini, mwenye subira kuliko sisi wote. Akafungua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja akaandika Mjomba, yaani mimi, upande wa pili akaandika Mama.

"Nipeni namba za kweli," akasema. "Si zile mnazoambiana."

Nikatazama sahani ya mahamri. Mwishowe, kwa kuwa mimi ni mkubwa, nikaanza. Nikakiri kwamba topapu hazikuwa moja, zilikuwa tatu. Ya pili bati za nyumba, ya tatu harusi ya mwanangu. Na kwamba deni nililosema nimelimaliza zamani nililimaliza miezi kumi na minne kabla ya kustaafu. Bi Mwanaidi akageuka kunitazama polepole.

"Kumi na minne," akasema.

"Kumi na minne."

"Na siku zile ulizokuwa unaninunulia chai kwa kunihurumia?"

Nikasema chai ile ilikuwa ya topapu ya pili.

Rehema akaandika bila kuinua kichwa. Kisha akasema, mama. Bi Mwanaidi akapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Akasema zizini Pongwe kuna ng'ombe wawili. Watatu walikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, mwaka mmoja, kwa kuwa alibana fedha ya dawa ya kuwaogesha. Nikamwambia pole. Akasema bado. Akasema Digrii mwenyewe alikufa mwaka wa nne. Aliona haya kusema ofisini, akatafuta mwingine wa kahawia mpaka Muheza, akampa jina lile lile. Yule niliyekuwa nikimuulizia hali kila Jumatatu alikuwa Digrii wa pili.

Nikauliza fedha ya kumnunua hata huyo Digrii wa kwanza aliipata wapi. Rehema ndiye aliyejibu kwa niaba yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitunza makaratasi ya nyumba. Benki. Ile ile benki, kwa yule yule binti mpole, siku tatu baada yangu. Yule ambaye hakutaka kukopea elimu alikopea ng'ombe, na tukawa tunakatwa wote miaka yote ile, kila mmoja amefunika slipu kwa kiganja.

Tulicheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Nilicheka mpaka kifua kikauma. Rehema hakucheka, alikuwa anajumlisha. Aliandika nyongeza yangu ya mshahara, akatoa riba zote, akatoa suti na friji. Aliandika maziwa, akatoa pumba, dawa na waliokufa. Akaweka kiinua mgongo changu, ambacho hukokotolewa kwa mshahara wa mwisho mwisho na kwa hiyo digrii ilikuwa imekinenepesha, akaweka na makadirio ya kile cha mama yake. Akapiga mstari chini. Baada ya miaka kumi na tisa ya mashindano nilikuwa nimemzidi Bi Mwanaidi kiasi kinachotosha kununua ng'ombe mmoja. Rehema akaangalia tena akasema, asiye na mimba.

Nilitaka kusherehekea, lakini mtoto alikuwa ameshageuza ukurasa. Aliniuliza baada ya cheo kubadilika nilifanya kazi miaka mingapi. Nikamwambia kama kumi na minne. Akasema yeye ana karibu arobaini. Nikamwambia asihesabu arobaini, ahesabu na ya kusubiri. Akaandika miaka mitatu bila kazi, sifuri tatu zikashuka ukurasani. Nikamwambia aandike makato, kumi na tano katika kila mia ya mshahara wake wa msingi. Akaandika. Nikamwambia aandike posho, halafu nikamwambia azifute, kwa sababu mtu akizitegemea posho hukuta safari zimefutwa. Akafuta. Mwisho wa ukurasa bado palibaki kitu. Si kikubwa. Akaniuliza kama namba hiyo inatosha kumfanya mtu aamke asubuhi.

Nikamwambia hapana, na ndipo nikamsimulia lile zoezi la vyoo vya wapangaji. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika kitu. Ijumaa asubuhi akathibitisha kwenye simu, mimi na mama yake tumesimama nyuma yake kama wakaguzi.

Alisoma miaka mitatu. Alikopa ada na chakula tu, na ile ya chakula ilipoingia hakununua hata kandambili. Najua kwa sababu nilikuwa nampigia simu kumuuliza. Alipomaliza alisubiri kazi mwaka mmoja na miezi kumi. Alijitolea kituo cha afya asubuhi, bila malipo, na mchana akauza mtindi wa Pongwe kwa ndoo ndogo ndogo mlangoni kwao. Kuna wiki alikuwa ananijia hapa anakaa tu kwenye kiti cha plastiki. Nilikuwa nimemwambia aandike miaka mitatu, lakini kuiandika na kuiishi ni vitu viwili. Vijana mnaonijia na simu zenu, kipindi hicho ndicho ninachotaka mkitazame kabla ya kitu kingine chochote. Uliza nani atakulisha humo. Kama hakuna wa kukulisha, uliza utauza nini.

Kisha akapangiwa Pangani. Mwisho wa mwezi wake wa kwanza alikuja Makorora na slipu yake, ameichapisha kwenye karatasi, na mama yake akaniita nije niione. Tukaikagua. Bi Mwanaidi alishika upande mmoja na mimi upande wa pili, kama ule utepe. Mshahara huu hapa, kodi hii, mfuko wa pensheni huu, bima hii, na mkopo wa elimu, laki moja na arobaini na kitu. Tukamuuliza kilichobaki kinamtosha. Akasema hakimtoshi, lakini kwamba wiki ile alikuwa amemfuata mwenye nyumba mmoja mpaka sebuleni kwake, na mwenye nyumba ameanza kuchimba. Alilisema hilo huku anamega hamri, kama anayetaja hali ya hewa. Halafu akainuka kwenda kuswali.

Alipoingia ndani Bi Mwanaidi akaisogeza slipu kwangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini zile laki na arobaini zitakatwa mpaka lini. Nikapiga hesabu pembeni mwa gazeti. Miaka minane, nikamwambia, kama hatakopa kingine.

Akahesabu kwa vidole, akarudia tena.

"Nitakuwa na sabini na mmoja."

Nikamwambia ndiyo.

"Basi itanibidi niwepo," akasema. "Nataka niuone mshahara wake mzima."

Kesho yake asubuhi alikwenda kupima presha, jambo ambalo kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akiwahimiza watu wa Tanga walifanye, na yeye mwenyewe hakuwahi kulifanya hata siku moja.